Neno dogo laweza kumtia mtu hatiani

Jumapili iliyopita tulimaliza mazungumzo yetu juu ya barua za kazini: jinsi ya kuzianza, kuzipanga na kuzimaliza. Leo yafaa tuingie ndani zaidi, tuyatazame maneno yenyewe. Na katika maneno hayo tuyachague yale madogo kabisa, ambayo mwanafunzi huyaruka asomapo na karani huyatia kwa kubahatisha aandikapo. Nayo ni vijineno "a", "an" na "the" vya Kiingereza, pamoja na vitenzi visaidizi vinavyotumika kuzungumzia mambo yaliyokwisha kupita: "must have", "should have", "could have", "might have" na "would have".

Huenda ukauliza, "Mambo haya yanihusu nini mimi, ambaye nyumbani na kazini nasema Kiswahili?" Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba Kiingereza bado kinatufuata mpaka mlangoni. Maelekezo ya mashine, masharti ya mikataba, barua zitokazo ng'ambo na taarifa nyingi za maofisini zingali zinaandikwa kwa lugha hiyo. Hali kadhalika mtoto wako aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza katika shule nyingi za sekondari za Tanzania, hukuta masomo yakifundishwa kwa Kiingereza. Lugha ambayo mtu hana budi kuitumia, heri aitumie kwa kuijua.

Tena iko sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mtu akikosea neno kubwa, msomaji hushtuka na kuuliza. Mtu akikosea neno dogo, hakuna anayeshtuka. Sentensi husomeka vizuri tangu mwanzo hata mwisho, ila husema jambo jingine, ambalo mwandishi hakulikusudia. Na jambo hilo jingine laweza kuwa mashtaka juu ya mtu asiye na kosa.

Ghala la saruji

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda kimoja kina ghala la saruji. Usiku mvua kubwa imenyesha, na asubuhi mifuko mingi imekutwa imelowa, kwa kuwa mlango wa ghala ulikuwa wazi. Kiwanda kina walinzi wanne wanaopokezana zamu. Hakuna aliyeshuhudia mlango ukiachwa wazi. Karani anaagizwa aandike taarifa fupi kwa Kiingereza, nayo itapelekwa makao makuu, mbali, kwa watu wasiolijua ghala wala walinzi wake.

Karani anaandika: "The guard left the door open." Kwa macho ya harakaharaka, sentensi hiyo haina kasoro yoyote. Sarufi yake ni safi. Lakini mtu wa makao makuu akiisoma ataelewa mambo mawili ambayo karani hayajui kwa hakika. La kwanza, kwamba mlinzi anayetajwa anajulikana ni nani. La pili, kwamba kosa lake limethibitishwa. Yote mawili hayakusemwa na neno "guard" wala neno "door". Yamesemwa na kijineno "the", na kwa kukosekana kitenzi kisaidizi mbele ya "left".

Basi tuvichukue vijineno hivi kimoja kimoja, tukimweka mlinzi yule mbele ya macho yetu muda wote.

"A" ni mmoja, "the" ni yule

Watu wengi hudhani kwamba Kiswahili hakina kitu kinachofanana na "a" na "the", na kwa hiyo Mswahili hana budi kukariri kanuni zake gizani. Si kweli. Msikilize bibi anapowasimulia wajukuu hadithi: "Hapo kale palikuwa na sultani mmoja. Sultani huyo alikuwa na binti." Kwa nini alisema "sultani mmoja"? Je, alitaka kuwajulisha watoto kwamba masultani hawakuwa wawili? Hasha! "Mmoja" hapo maana yake ni kwamba sultani huyu ni mgeni kwenu. Ndiyo kwanza namleta mbele yenu. Naye akisha kumleta, hasemi tena "sultani mmoja", bali "sultani huyo" au "yule sultani", kwa kuwa sasa wasikilizaji wanamjua.

Hiyo ndiyo kazi ya "a" na "the", wala si nyingine. Isitoshe, hata asili ya vijineno hivyo ni ileile. Katika Kiingereza cha kale, "an" lilikuwa ni neno lenye maana ya "moja", na "the" limetokana na neno la kuonyeshea, kama "yule" au "ile" katika lugha yetu. Waingereza walisema "mtu mmoja" na "yule mtu" kwa karne nyingi, hata maneno hayo yakachakaa kwa kutumiwa, yakafupika, yakawa vijineno tu. Kwa hiyo Mswahili anapojifunza "a" na "the" hajifunzi jambo la ajabu. Anajifunza kusema kila mara jambo ambalo yeye hulisema pale tu anapoliona lina haja.

Kiswahili kinazo njia nyingine pia za kulisema jambo hilo. Ukimwuliza mtoto, "Umeleta kitabu?" unauliza juu ya kitabu chochote. Ukimwuliza, "Umekileta kitabu?" mnajua nyote wawili ni kitabu kipi. Silabi moja, "ki", imeifanya kazi ya "the". Vilevile ukisema "mlinzi yule", unamwonyesha kwa kidole. Ukisema "yule mlinzi", mara nyingi unamkumbusha mwenzako mtu mliyekwisha kumtaja.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize swali moja tu: Je, msomaji wangu anajua ni kipi ninachokitaja? Akiwa anajua, andika "the". Akiwa hajui, na kitu ni kimoja, andika "a". Angalia kwamba swali hili halikuhusu wewe mwandishi. Wewe unaweza kumjua mlinzi kwa jina lake na jina la baba yake. Linamhusu msomaji. Karani wetu, akiwa hajui ni mlinzi yupi kati ya wanne, angeanza "A guard", yaani mlinzi mmojawapo, na hapo peke yake angalikwisha kumwondolea lawama mlinzi wa zamu ile, ambaye pengine aliukuta mlango umekwisha kuachwa wazi.

"A" na "an" hutofautiana kwa sauti, si kwa herufi. Tunasema "an hour", kwa kuwa herufi "h" hapo haitamkwi. Na tunasema "a university", kwa kuwa mwanzo wake husikika kama "yu". Mswahili asilistaajabie jambo hilo, maana kwetu pia tunasema "kitambaa kizuri" lakini "kitambaa cheupe", na "mpishi" lakini "mwalimu". Sauti inayofuata ndiyo inayoamua. Waingereza wenyewe walipata kuchanganyikiwa: lilikuwapo neno "napron", lakini kwa kusikika vibaya katika "a napron", likakatwa mahali pasipo pake, likawa "an apron". Nasi tulipolipokea neno la Kiarabu "kitab", tuliichukua "ki" yake kama kiambishi chetu, tukapata "vitabu". Hivyo ndivyo lugha zinavyokua.

Mahali ambapo hakuna kitu

Mwanafunzi akisha kuelewa "a" na "the", hubaki na shida ya tatu: lini asiandike chochote? Hapa yako mambo manne yanayofaa kushikwa.

Kwanza, tunapotaja vitu vyote vya aina moja kwa wingi. "Workers need rest" maana yake ni kwamba wafanyakazi, popote walipo, wanahitaji kupumzika. "The workers need rest" maana yake ni wafanyakazi wale tunaowajua, wa karakana ile, wa zamu ile. Sentensi ya kwanza ni wazo la jumla; ya pili ni madai yanayohitaji kujibiwa na msimamizi wao.

Pili, yako majina ambayo Kiingereza hakiyahesabu, ijapokuwa sisi twayahesabu. Sisi twasema "shauri" na "mashauri", "kifaa" na "vifaa". Wao husema "advice" na "equipment", wala hawaweki "a" mbele wala "s" nyuma. Ndivyo yalivyo pia "information", "furniture", "luggage" na "news". Anayetaka kuhesabu huongeza neno: "a piece of advice".

Tatu, majina ya mahali. Mito, bahari na safu za milima huchukua "the": "the Rufiji", "the Indian Ocean", "the Usambara Mountains". Mlima mmoja na ziwa moja havichukui: "Mount Kilimanjaro", "Lake Victoria". Nchi nyingi hazichukui, ila zile ambazo jina lake ni la wingi au lina neno la kawaida ndani yake: "the Comoros", "the United States".

Nne, na hili ndilo lenye hatari, ni majina kama "school", "church" na "prison". Bila "the", maneno haya hutaja kazi ya mahali hapo. Pamoja na "the", hutaja jengo. Mtoto yuko "at school", kwa kuwa anasoma. Mzazi huenda "to the school" kumwona mwalimu mkuu. Sasa fikiri juu ya kijana anayejaza fomu ya kuomba kazi, ambaye baba yake ni askari magereza. Anataka kueleza kwamba baba yake yuko kazini gerezani. Akiandika "My father is in prison", amemfunga baba yake kwa kalamu.

Kabla hatujaviacha vijineno hivi, nitaje mitego miwili ya maofisini. Wa kwanza ni "few" na "a few". "A few members came" ni habari ya faraja: wanachama kadha wa kadha walikuja. "Few members came" ni malalamiko: waliokuja ni haba. Wa pili uko katika kumbukumbu za mikutano. "The secretary and treasurer" ni mtu mmoja mwenye vyeo viwili. "The secretary and the treasurer" ni watu wawili. Fedha za chama zikipotea, na mkaguzi akaja kusoma kumbukumbu hizo, kijineno kimoja chaweza kuamua kama ataitwa mtu mmoja au wawili.

Kukisia, kulaumu na kutetea

Sasa turudi ghalani. Tumekwisha kusema kwamba karani hakushuhudia mlango ukiachwa wazi. Alichokiona ni mlango ulio wazi na mifuko iliyolowa. Hapa ndipo vile vitenzi visaidizi vinapofanya kazi, maana kila kimoja humwambia msomaji mwandishi amesimama wapi: je, anajua, anakisia, analaumu au anatetea?

Tuanze na kukisia. "A guard must have left the door open." Maana yake ni: sikuona, lakini kwa dalili nilizo nazo sioni maelezo mengine, bila shaka mlinzi mmojawapo aliuacha wazi. "A guard might have left the door open" ni kukisia kwa udhaifu zaidi: huenda aliuacha, na huenda sivyo. "The guard can't have left the door open" ni kinyume cha "must have": haiwezekani kuwa yeye ndiye aliyeuacha, pengine kwa sababu ufunguo haukuwa kwake. Mwandishi mwaminifu huchagua kwa kadiri ya ushahidi alio nao, wala hazidishi.

Kisha kulaumu. "The guard should have locked the door." Maana yake ni: alipaswa kuufunga, wala hakuufunga. Yafaa uone kwamba sentensi hii ina sehemu mbili, nayo ya pili haikuandikwa. Haisemi popote kwamba mlango haukufungwa, lakini kila asomaye ataelewa hivyo. "The guard could have locked the door" husema kwamba uwezo alikuwa nao, ufunguo alikuwa nao, ila hakuutumia. Angalia hapa: "could have" huweza pia kuwa ni kukisia, kama katika "The thief could have come through the window", yaani yawezekana mwizi aliingia dirishani. Maneno yanayozunguka sentensi ndiyo yatakayoonyesha ni maana ipi.

Hapa ndipo Mswahili huteleza zaidi, na sababu yake yafahamika. Neno letu "lazima" hufanya kazi mbili. Tunasema "Ilikuwa lazima aufunge mlango", tukitaja wajibu. Na katika mazungumzo tunasema pia "Lazima aliufunga mlango", tukikisia. Karani anayetaka kutaja wajibu wa mlinzi hulikumbuka "lazima", akalitafsiri kwa "must", akaandika: "The guard must have locked the door." Lo! Alitaka kusema kwamba mlinzi alikuwa na wajibu asioutimiza. Kumbe amesema kwamba bila shaka mlinzi aliufunga mlango. Amemtoa hatiani mtu aliyetaka kumlaumu. Na karani mwingine akitaka kusema kwamba mlinzi alilazimika kuufunga, naye akaufunga, hana budi kuandika "The guard had to lock the door". Hizo ni sentensi tatu zinazofanana kwa sura lakini zinapingana kwa habari: ya "should have" husema hakuufunga, ya "must have" husema yaelekea aliufunga, na ya "had to" husema alibanwa na wajibu akautimiza.

Tofauti nyingine ni kati ya "may have" na "might have". Ukuta ukianguka karibu na watoto, nao wakanusurika, mwandishi makini ataandika: "The wall might have fallen on the children." Yaani nusura uwaangukie, lakini namshukuru Mungu haukuwaangukia. Akiandika "may have fallen", atakuwa amesema kwamba hadi sasa haijulikani kama uliwaangukia au la, na mzazi atakayesoma atatoka mbio. Ni kweli kwamba Waingereza wenyewe siku hizi, wengi wao, huyachanganya maneno haya mawili. Lakini mgeni wa lugha hafai kuiga uzembe wa wenyeji katika jambo linalogusa uhai wa watu.

Na iko tofauti ndogo ambayo ina adabu ndani yake. "You needn't have bought the cement" husema kwamba umekwisha kuinunua, na haja haikuwapo. "You didn't need to buy the cement" husema tu kwamba haja haikuwapo, bila kueleza kama ulinunua au la. Ya kwanza hufaa kumshukuru mgeni aliyekuja na zawadi kubwa. Lakini mkubwa wa kazi akimwambia mnunuzi wake, huwa ni karipio.

Sentensi inayomwokoa mlinzi

Tumeona sentensi za kukisia na za kulaumu. Imebaki ya kutetea, nayo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa hiyo ndiyo inayoachwa mara nyingi.

Tuseme ukweli wa mambo ni huu: mlinzi wa zamu ya usiku hakupewa ufunguo. Aliyemtangulia aliondoka nao mfukoni. Kwa Kiswahili twasema: "Mlinzi angalipewa ufunguo, angaliufunga mlango." Sentensi hiyo fupi ina habari zote mbili: hakupewa, na kwa hiyo hakufunga. Kwa Kiingereza ni: "If the guard had been given the key, he would have locked the door."

Tazama jinsi lugha hizi mbili zinavyoachana hapo. Kiswahili hutia "-ngali-" pande zote mbili za sentensi: "angalipewa", "angaliufunga". Kwa sababu hiyo Mswahili hupenda kutia "would have" pande zote mbili pia, akaandika "If the guard would have been given the key". Hilo ni kosa katika Kiingereza sanifu. Upande wenye "if" huchukua "had". Upande wa pili ndio unaochukua "would have".

Ni vema pia tukumbuke kwamba sisi wenyewe tunaipoteza hazina hii polepole. Walimu wa sarufi hutofautisha "ningejua", ambayo yahusu jambo la sasa, na "ningalijua", ambayo yahusu jambo lililokwisha kupita na lisilorudi. Siku hizi wengi husema "ningejua" kwa yote mawili. Mtoto asiyeisikia tofauti hiyo nyumbani kwa Kiswahili ataielewa kwa shida shuleni kwa Kiingereza. Kwa hiyo mzazi asiyejua neno hata moja la Kiingereza anaweza kumsaidia mwanawe kwa kusema Kiswahili kamili mezani. "Ungalisoma jana, ungalishinda mtihani." Majuto ni mjukuu, na "-ngali-" ndiyo sarufi yake.

Jambo la mwisho katika vitenzi hivi ni umbo lake. Baada ya "have" hufuata umbo la tatu la kitenzi: "must have gone", si "must have went", "should have taken", si "should have took". Wala usiandike "should of". Kosa hilo ni la Waingereza na Waamerika wenyewe, kwa kuwa katika usemi wa haraka "have" husikika kama "of". Sisi tuliojifunza lugha hiyo kwa kuisoma kabla ya kuisikia tuna nafuu katika hilo.

Sasa taarifa ya karani yaweza kuandikwa upya, naye akaiweka sahihi yake bila wasiwasi: "A door was found open. One of the guards must have left it open. The guard on night duty should have locked it, but he had not been given the key." Mlango mmoja ulikutwa wazi. Bila shaka mmoja wa walinzi aliuacha hivyo. Mlinzi wa zamu ya usiku alipaswa kuufunga, lakini hakuwa amepewa ufunguo. Kinachojulikana kimesemwa kuwa kinajulikana. Kinachokisiwa kimesemwa kuwa kinakisiwa. Wajibu umetajwa, na udhuru haukufichwa. Mtu wa makao makuu, badala ya kumwachisha kazi mlinzi mwenye mke na watoto, atauliza swali linalofaa: ufunguo ulikuwa kwa nani?

Zoezi la nyumbani

Kama ilivyo desturi ya safu hii, yafuatayo ni maswali ya kujibu pamoja na watoto baada ya chakula. Yafunike majibu kwa kitambaa kwanza.

La kwanza: Dada yako ni muuguzi, naye yuko kazini hospitali. Je, utaandika "My sister is in hospital" au "My sister is in the hospital"?

La pili: Umeitisha mkutano wa mtaa, wakaja watu haba, nawe umesikitika. Je, ni "Few people came" au "A few people came"?

La tatu: Mtoto amechelewa kurudi, nawe unakisia kwamba amekosa basi. Je, ni "He should have missed the bus" au "He must have missed the bus"?

La nne: Jirani amekuchotea maji, ingawa mtungi wako ulikuwa umejaa. Utamshukuru kwa kusema "You needn't have fetched water" au "You didn't need to fetch water"?

La tano: Tafsiri kwa Kiingereza: "Ningalikuwa na fedha, ningalinunua redio."

Majibu: La kwanza, "in the hospital", maana bila "the" Mwingereza atadhani kwamba dada yako amelazwa. Mwamerika husema "in the hospital" hata kwa mgonjwa, lakini shule zetu hufuata desturi ya Uingereza. Hata hivyo, ili usimtatize yeyote, andika wazi: "My sister works at the hospital." La pili, "Few people came". La tatu, "must have missed", kwa kuwa hakuna aliye na wajibu wa kukosa basi. La nne, "You needn't have fetched water", kwa kuwa maji amekwisha kuyachota. La tano, "If I had had the money, I would have bought a radio." Angalia "the money" na "a radio": fedha ni zile za kununulia, zinajulikana; redio ni yoyote.

Aliyepata yote matano anastahili pongezi. Aliyepata matatu na azisome tena sehemu zilizomshinda. Na aliye na kazi ya kuandika taarifa juu ya watu wengine, awe amepata yote au la, azisome mara mbili taarifa zake kabla ya kuzitia sahihi. Mara ya kwanza aangalie "a" na "the": je, nimemtaja mtu nisiyemjua kana kwamba namjua? Mara ya pili aangalie vitenzi: je, nimesema ninajua, hali nakisia tu?

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya "in", "on" na "at", na jinsi kiambishi chetu kimoja cha "-ni", kama katika "nyumbani" na "mezani", kinavyofanya kazi ya yote matatu.